Nilivyokwenda Pemba Kutafuta Tonge

Mashoga zangu, mmeniuliza sana. Kila anayekuja kunijulia hali nampa kipande, huyu mwanzo, yule katikati, na Zubeda alipata kipande kibaya zaidi, akaenda kutangaza kisimani kwamba Pemba nilifungwa mkono kama mwizi wa kuku. Sasa naandika mara moja, msome wote, tusisumbuane tena. Naandika kwa simu, kidole kimoja kimoja, kwa hiyo mkiona neno limepinda lisameheni.

Mambo ya karatasi, nani alinipatia nafasi na mhuri uligongwa wapi, nayaacha. Hayana utamu. Nianze na kile ambacho mnakijua na hamkukisema mbele yangu, na kwa hilo nawashukuru.

Miaka mitatu sasa tangu kiharusi kinipige. Mguu ulirudi, si wote, lakini unanifikisha sokoni. Mkono wa kulia ulibaki nyuma. Haukufa kabisa, ulikunja vidole ukakaa kifuani kama mtu aliyenuna. Unafumba vizuri tu, kufumbua ndiyo hautaki. Mimi Zaina, niliyepika pilau za harusi zenu zote, nikawa na chakula mbele yangu na njaa tumboni, na mkono wa kula sina. Wa kushoto mnajua wenyewe kazi yake, siwezi kuutia kwenye sinia la watu. Kwa hiyo wifi yangu Mwanasha, dada wa marehemu mume wangu, ambaye tunakaa nyumba moja tangu turudi kutoka ukimbizini, akawa ananilisha ndani, pazia limeshushwa. Harusini nilikuwa nasema nimeshakula. Msibani nasema nimefunga. Kwa funga zile, hata shehe hanifikii! Nikiwasikia mnacheka uani mmezunguka sinia, nilikuwa nalia, na nilikuwa nawaonea wivu. Nasema kweli.

Basi niliposikia Pemba, huu mji wetu wa huku, si kile kisiwa, kuna fisioterapia ya watu kama sisi, si waliopigwa jana na juzi bali wenye kiharusi cha miaka, wiki tatu mfululizo, kutwa nzima unafanya mazoezi, sikuuliza mara mbili. Nilitaka kitu kimoja tu, nile na watu kwa mkono wangu wa kulia.

Wifi akasema, "Wifi, mkono wa miaka mitatu huo."

"Wa miaka mitatu ndiyo," nikamwambia, "lakini ni wangu."

Kutoka Mocímboa

Tuliondoka kwa gari la Bakari, yule anayeleta vitunguu. Njia ya Macomia siku zile ilikuwa haieleweki, leo wazi kesho hapana, kwa hiyo tukaambiwa tuzunguke kwa juu, Diaca, Mueda, Montepuez, ndipo tushuke Pemba. Mzunguko wa kumchosha mzima, sembuse mimi.

Wifi alipakia vitu kama anayehama. Mito miwili, chupa ya chai, kanga sijui ngapi, na juu ya yote mbuzi ya kukunia nazi.

"Mwanasha, Pemba hakuna mbuzi?"

"Mbuzi zipo. Ya kuiamini ndiyo haipo."

Tulikaa foleni ya msafara tangu alfajiri. Siku hizi barabara hiyo magari hayaendi moja moja, yanakwenda pamoja na askari mbele na nyuma, na mwenye kuamua saa ya kuondoka si dereva. Jua lilipanda, chai ikaisha, Bakari akalala juu ya usukani. Wifi akanivua viatu, akanivisha viatu, akanifuta jasho, akanitengeneza mtandio, wala sikuwa nimemwomba hata kimoja. Saa nne ndipo magari yakaanza kutambaa.

Diaca

Diaca tulifika tukakuta amri mpya: hakuna kuendelea mpaka kesho. Kwa nini, hakuna aliyejua. Bakari akasema tusihangaike, ana mwenyeji wake pale, Mama Verónica, mtu mwema.

Na kweli alikuwa mtu mwema, ndiyo maana sehemu hii inaniuma kuiandika. Mama Verónica ni Mmakonde, Mkristo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, Kiswahili chake kizuri kuliko cha Bakari. Alitutandikia mkeka, akatupa maji ya kuoga, akaingia jikoni. Alipotoka alikuwa na sinia la shima, ugali wao wa mahindi, na jogoo mzima kwenye mchuzi, mchuzi unang'aa mafuta.

"Karibuni wageni wangu," akasema. "Msiwe na wasiwasi, mimi najua watu wa pwani. Nimemwita Mzee Amisse hapo jirani, Mwislamu, achinje yeye. Kisu chake, bismillahi yake."

Fikirini. Mtu hunijui, unatoa jogoo wako, unatoka kwenda kumtafuta Mwislamu wa kumchinja ili nafsi yangu itulie. Wote wakanawa, wakasogea. Mimi nikabaki pale pale, mkono umekunjwa ndani ya kanga.

"Asante mama," nikasema. "Mimi nimeshiba."

Tangu asubuhi nilikuwa na kikombe kimoja cha chai. Tumbo likanguruma, kila mtu akasikia.

"Kuku kachinjwa vizuri, mama," akaniambia taratibu.

"Najua, mama."

Akageukia jikoni. "Basi ni sufuria? Sufuria yangu haijapikwa nguruwe. Naapa."

"Hapana, mama, ni tumbo tu."

Wifi alinitazama, maana nilikuwa nimemwapisha kabla hatujaondoka kwamba njiani asimwambie mtu kuhusu mkono wangu. Alikula matonge mawili ya adabu, akanawa.

Baadaye akanivuta nyuma ya nyumba. Alikuwa ameficha paja la kuku ndani ya kanga. Akawa ananilisha pale, amesimama, mimi nimeegemea ukuta natafuna kama niliyeiba. Mama Verónica akatokea kona na kuni kichwani. Akatuona. Mimi, niliyekataa chakula chake mbele ya watu, nakila kwa kujificha. Alisimama, akasema, "Haya," akageuka.

Asubuhi alimuaga wifi kwa kumkumbatia. Mimi aliniambia safari njema. Ningeweza kumwambia, lilikuwa neno moja tu: mama, mkono umekufa. Sikulisema. Aibu ni kitu cha kipumbavu, inakufanya uonekane una kiburi.

Mueda

Kupanda Mueda gari lilikuwa linakohoa na sisi tunakohoa nalo. Juu kule kuna baridi na ukungu, watu wamevaa makoti, wifi akavaa kanga zake zote pamoja akawa kama robota la mitumba.

Tulisimama kwenye kibanda cha chai. Mwenye kibanda, mama mmoja hata jina sikumuuliza, aliponiona nashuka nikiburuta mguu aliacha wateja wake. Akanikalisha. Akanifunga vifungo vya sweta. Akaloweka mkate kwenye chai, akanisogezea mdomoni, huku anasema, "Pole, mama, pole, mgonjwa hasumbuki." Upande huu wifi ananishika kikombe, upande ule yeye mkate. Nilishiba bila kuinua kidole. Nilimwombea dua kwa moyo wangu wote, na siku ile sikuona ubaya wowote.

Montepuez

Montepuez mkanda wa injini ulikatika, tukakaa siku mbili. Joto la huko halina upepo wa bahari wa kulituliza. Bakari alikwenda kutafuta mkanda, akarudi na mkanda wa gari jingine, akaenda tena.

Chakula kilichokuwepo ni karakata, ugali mweusi wa muhogo wa Wamakua, unavutika kama gundi. Nilijificha nyuma ya gari nikajaribu kuula kwa kijiko, mkono wa kushoto. Kijiko kikazama, kikakataa kutoka. Nikavuta, sahani nzima ikaja nacho. Muuzaji akaniona, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama, karakata haijui kijiko!"

Nikacheka na mimi, sikuwa na la kufanya. Wifi akaja akanawa, akamaliza kazi kama kawaida yake.

Pemba, wiki ya kwanza

Pemba tulipanga chumba karibu na kituo cha mazoezi. Kituo chenyewe ni kumbi mbili, meza ndefu, viti, na ngazi ya mbao isiyokwenda popote. Tulikuwa wagonjwa sita. Jirani yangu mezani alikuwa Mzee Anselmo, dereva mstaafu, aliyekuja akitaka kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe, kwa sababu, alisema, mkewe humfunga mpaka cha shingoni na anakosa pumzi.

Mwenye kutufundisha ni Dona Lurdes, mwanamke mfupi kutoka Nampula, mpole wa sauti, mgumu wa amri. Siku ya kwanza akanipima, akaniambia niinue kifundo cha mkono. Kikainuka kidogo. Akafurahi kama nimemwinulia gunia.

"Huu haujafa," akasema. "Umezoea kukaa. Tangu uugue, kila kitu kimefanywa na mkono wa kushoto au na watu. Wa kulia umejifunza kwamba hauna kazi."

Kisha akatoa glavu nene kama ya kuepulia sufuria, yenye utepe wa kunatia, akauvisha mkono wangu wa kushoto. Ule mzima! Akasema nitakaa nao hivyo karibu kutwa, hapo na nyumbani, ili wa kulia ukose pa kukimbilia. Ndicho alichokisikia Zubeda.

Nikamwuliza swali ambalo hata ninyi mngeuliza. "Na chooni?"

"Chooni fungua," akasema. "Na kwenye maji, na kwenye ngazi. Mimi si mwendawazimu."

Anselmo akacheka. Dona Lurdes akamgeukia wifi, aliyekuwa tayari amesimama nyuma yangu na leso. "Na wewe, dada, kazi yako ni kukalia mikono yako."

"Nimekuja kumuuguza," wifi akasema.

"Ndiyo. Muuguze ukiwa umekaa."

Basi tukaanza. Kunde kutoka bakuli hili kwenda lile, moja moja. Vifuniko vya chupa. Kufuta meza, kwenda na kurudi. Vibanio vya nguo kwenye kamba. Kuketi, kuinuka, kuketi, kuinuka, mpaka mguu unatetemeka. Halafu kunde tena. Kuzishika haikuwa taabu, taabu ni kuziachia. Kiganja kikishafumba kimefumba, natazama vidole vyangu naviomba, jamani, fungukeni, navyo vinanitazama tu. Jioni bega linawaka moto.

Kila mmoja aliulizwa anataka mkono umfanyie nini. Mimi nilisema kula. Dona Lurdes akaandika, na kesho yake akaniletea kijiko chenye mpini mnene uliozungushiwa sponji. Nikafundishwa kijiko siku nne. Nilikuwa nafanya, si mgonjwa mtiifu? Siku ya tano kijiko kilifika mdomoni na uji ndani yake, watu wote wakapiga makofi, na mimi nikaangua kilio.

"Umefurahi," akasema Dona Lurdes.

Wifi, aliyekalia mikono yake siku nne, akainuka. "Hajafurahi. Dona, huyu hataki kijiko. Kijiko angeweza kushika hata kwa kushoto ndani kwake. Anataka kula kwenye sinia, kwa mkono, na wenzake."

Dona Lurdes akanitazama. "Mbona hukusema?"

"Hukuuliza kula vipi."

"Na mimi kwetu Nampula shima tunakula kwa nini? Kwa mkono!" Akajipiga paji la uso. "Nikivaa koti jeupe nadhani kila mtu anakula kwa kijiko." Akakichukua kijiko akampelekea Anselmo, ambaye hakukihitaji, akarudi na bonge la unga uliokandwa. "Haya. Nionyeshe tonge."

Pemba, wiki ya pili

Sikujua tonge lina kazi kiasi kile. Ninyi mnakula tu. Kuna kumega, kukusanya vidole vitatu, kubana bila kuponda, kugeuza kiganja, kuinua bila kumwagia kifua, na mwisho kidole gumba kisukume chakula kiingie mdomoni. Hicho cha mwisho ndicho kilichonitesa. Kidole gumba changu kilikuwa kimelala chini ya wenzake kama mvivu chini ya shuka. Asubuhi matonge ya unga mbichi, mchana matonge ya shima, mamia kwa mamia, mengi chini, mengine puani.

Nyumbani sheria ilikuwa ile ile: glavu mkono wa kushoto, sahani mbele, ule kadiri utakavyoweza. Siku ya kwanza nilikula matonge matatu kwa muda wa kupika wali. Nguo yote mchuzi. Nikalia kwa hasira, nikaisukuma sahani. Nilikuwa na njaa, mashoga zangu, njaa ya kweli, na chakula kipo.

Wifi akavumilia siku hiyo na ya pili. Siku ya tatu akafunga mlango, akafungua ule utepe, akanawa mikono. "Fungua mdomo. Mgonjwa kulala na njaa mimi nipo, Mungu ataniuliza."

Nikafungua mdomo. Nikala. Na kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Mchana tunafanya mazoezi, jioni tunafanya magendo. Dona Lurdes hakuhitaji kuambiwa, mkono wenyewe ulimwambia. Kidole gumba kilichokuwa kimeanza kunyanyuka kikarudi kulala.

"Jioni unakula vipi?" akaniuliza.

Nikainamia bakuli la kunde. Wifi akatazama dirishani.

"Imebaki wiki moja," akasema Dona Lurdes. "Sina nyingine ya kukupa." Akaenda kwa Anselmo.

Tuliporudi chumbani wifi akawasha jiko, akapika, akafunga mlango kama jana. Alipouleta mkono kwenye utepe nikauvuta mkono wangu.

"Usiufungue."

"Wifi, tulia, ule."

"Nimesema usiufungue! Mwanasha, kiharusi kilikuja siku moja tu kikaondoka. Wewe ndiye umekaa juu ya mkono huu miaka mitatu!"

Nilijua limetoka vibaya kabla halijamaliza kutoka. Mtu ambaye amenilisha, amenisafisha, amenisuka nywele. Wifi akaweka sahani chini. Alikaa kwenye mkeka, akajifunika uso kwa kanga, nikadhani anatafuta neno la kunirudishia, na angekuwa na haki.

"Sina mume," akasema ndani ya kanga. "Sina mtoto. Kwetu kulichomwa. Nyumba ile ni yako. Ukila mwenyewe, wifi, mimi nakaa pale kama nani?"

Loo. Mtu mnalala chumba kimoja miaka, mnagombania kanga, na jambo kama hilo analo kifuani hujui. Nikamsogelea. Sikuwa na mkono wa kumfutia machozi, mmoja kwenye glavu, mwingine ndio huo. Nikaweka kichwa changu begani kwake.

"Kama wifi yangu," nikamwambia. "Mjinga wewe. Miaka mitatu unanilisha halafu unakula makombo peke yako, yamepoa. Mimi nataka tule pamoja."

Tulilia wote wawili, tukacheka, kwa sababu wali ulikuwa umeungua. Nikala ule ulioungua, tonge kwa tonge, na yeye amekalia mikono yake kweli kweli. Ilichukua muda mrefu sana. Alipoona nashindwa alikuwa anang'ata kanga.

Pemba, wiki ya mwisho

Wiki ya mwisho haina hadithi, ina kazi tu. Anselmo alifunga kifungo kimoja, cha tatu kutoka juu, akakaa nacho kutwa nzima hataki kukifungua. Mimi kidole gumba kilianza kusukuma, mara moja katika matonge matano, halafu mara mbili. Dona Lurdes alisema wazi kwamba mkono hautarudi kuwa wa zamani, sitakuna nazi tena wala kugeuza sufuria la harusi, na nikiacha kuutumia utalala upya. Nilihuzunika. Nilikuwa na tamaa ya siri kwamba yote yatarudi.

Siku ya kuaga alinipa ile glavu niende nayo. "Vaa hata njiani," akasema.

Kurudi

Njia ilikuwa ile ile. Mueda yule mama wa chai alikuja tena na mkate wake, na wifi akamwambia, "Mwache, dada, ana kazi," mama akashangaa, akatuona watu wa ajabu. Nilikunywa chai yangu kwa mikono miwili, wa kulia na wa glavu, nusu ikaingia tumboni.

Diaca nilikuwa nimeshajipangia maneno yote. Nilikuwa nimemnunulia Mama Verónica sukari na kitambaa. Lakini msafara siku ile haukusimama, magari ya mbele yakapita kwa kasi, ya nyuma yakafuata. Nilimwomba Bakari, akasema, "Bi Zaina, hapa nikisimama, kwenye msafara mimi simo tena." Nikaiona nyumba, mkeka umeanikwa nje, ikapita. Baadaye nimempa Bakari sukari na kitambaa avipeleke, pamoja na maneno ya kumweleza kisa cha mkono wangu. Anasema amevifikisha. Jibu sijapata, na sijui kama Bakari alieleza vizuri. Nitakwenda mwenyewe.

Mbele kidogo tukasimamishwa kwenye kizuizi. Askari kijana, mwenye adabu, akapitisha macho ndani ya gari, yakatua kwenye glavu.

"Mama, mkono huo una nini?"

"Hauna kitu, mzima."

"Mzima na umefungwa?"

"Ndiyo, mwanangu. Mgonjwa ni huu ulio huru."

Akamtazama Bakari. Bakari akatazama mbele. Askari akasema basi niivue, aone. Na haki yake, kwa yaliyotupata sisi huku, mtu akiona kitu kimefungwa lazima aulize. Nikaleta mkono wa kulia kwenye utepe. Vidole vikateleza. Nikarudia. Nyuma yetu honi zikaanza. Askari akanyoosha mkono anisaidie.

"Mwache," akasema wifi. "Anavua mwenyewe."

Mkono wake mwenyewe ulikuwa umeshafika nusu ya njia, niliuona. Akaurudisha, akaukalia. Honi zinapiga, Bakari anasoma dua, askari amesimama na bunduki yake anangoja. Nilibana ncha ya utepe kati ya kidole gumba na cha shahada, nikavuta, krrr, ukatoka. Nikaivuta glavu, mkono wa kushoto ukatokea, mweupe wa jasho, hauna kitu.

"Asante mama," askari akasema. Akachungulia ndani ya glavu, akanirudishia. "Pole."

"Pole ya nini?" wifi akamwuliza. "Mpe hongera!"

Kijana wa watu akasema hongera.

Nyumbani

Tulifika mchana. Anshia wa mlango wa pili, wewe uliyaona magari, ukatuletea sinia limefunikwa kawa, wali na samaki wa nazi, na juu yake umeweka kijiko cha kunilishia, kama miaka yote. Mungu akulipe. Ulikuwa na haraka, uliacha mlangoni ukaenda zako.

Wifi akalichukua. Akasimama nalo katikati ya chumba, kwa mazoea akatazama pazia. Kisha akalipita, akatandika mkeka uani, akaweka sinia katikati, akakaa upande wake. Kijiko akakipeleka jikoni. Akaninawisha, akanawa yeye.

"Bismillahi," nikasema.

Wali ni mgumu kuliko shima, haushikani. Tonge la kwanza lilirudi lote kwenye sinia. La pili lilifika nusu. La tatu nilikusanya, nikabana, nikaingiza kwenye mchuzi, nikainua, kidole gumba kikasukuma. Likaingia. Nikatafuna. Wifi hakunitazama hata usoni, alikuwa anakula upande wake kama watu wanavyokula. Hakunisogezea nyama. Samaki nilimchambua mwenyewe, na mwiba nikautoa mwenyewe.

Ninyi mnajua kwetu mtu haachi kula mwenzake hajamaliza, asije akamtia haya. Mwanasha alikuwa ameshashiba zamani. Aliendelea kuokota punje, moja, anatafuna, anangoja, nyingine. Wali ukapoa, mchuzi ukaganda, adhana ya alasiri ikatoka, na yeye bado anaokota punje. Nikamwambia, "Wifi, utapasuka." Akasema, "Kula, bwana, usiniharakishe." Nilikula mpaka nikashiba.

Tukanawa kwa sabuni. Jua lilipopungua, Anshia, ukaja kuchukua sinia lako. Ukakuta nimekaa kibarazani, ukapiga shikamoo, ukanipigapiga begani kama unavyofanya tangu niugue. Mimi nikakunyooshea mkono wa kulia. Ulisita, kisha ukaupokea, ukauinua mdomoni kuubusu kama tunavyosalimiana wakubwa na wadogo, ukakunja pua.

"Bi Zaina," ukasema, "mbona mkono wako unanuka samaki?"

"Nimekula," nikakwambia.